Mgonjwa Si Kontenti

Leo sina mzaha. Kama umekuja kucheka, ile ya makanga bado iko hapo chini, anzia hapo kisha urudi.

Kuna aina ya video imejaa kwa TikTok yangu miezi hii na inanikosesha amani. Unaijua. King'ora kinalia, kijana amevaa glavu na reflekta, wimbo wa huzuni umewekwa juu, halafu maandishi: "Siku nyingine kazini." Nyuma yake kuna mtu amelala kwa machela. Miguu inaonekana. Wakati mwingine damu. Uso umewekewa emoji ya moyo, ama haujawekewa kitu chochote. Chini kuna komenti mia tatu za "mashujaa wetu" na "Mungu awabariki", halafu moja hapo katikati inauliza: "Si huyo ni baba Brayo wa ploti ya mwisho?"

Hiyo komenti moja ndiyo imenifanya niandike.

Wacha niseme mapema ndio nisichapwe bure. Mimi ni shabiki wa watu wa ambulensi. Rafiki yangu wa karibu tangu sekondari ni EMT, na amenifunza mengi utakayoyasoma hapa. Najua kazi ni ngumu na mshahara si wa kujivunia, na kuna wenye vyeti kabatini ambao hata hiyo kazi hawajapata. Najua pia kwamba siku hizi ukurasa wenye wafuasi wengi unaweza kukupatia kazi kuliko barua ya maombi. Na mimi mwenyewe nakula kwa hii mitandao. Najua sekunde tatu za kwanza ndizo zinaamua kama utanitazama ama utanipita. Najua damu inashika macho kuliko maelezo. Kwa hivyo sishangai mtu akishawishika.

Lakini hebu fikiria huyu mtu anaingiaje kwa maisha yako. Mimi nikitaka kukurekodi lazima nikuombe. Polisi akitaka kuingia kwako anatakiwa awe na sababu. Hata shemeji yako hupiga hodi. EMT haombi. Anakukuta umelala uchi bafuni, ama umebanwa kwa gari, ama uko sakafuni na mtoto ameshatoka nusu, na anaingia moja kwa moja. Anakata nguo zako kwa makasi. Anakuuliza umekunywa nini, umemeza nini, una mimba, unatumia dawa gani, na wewe unajibu ukweli juu unataka kuishi. Hakuna mtu mwingine kwa hii nchi anayepewa mlango wazi namna hiyo. Na wewe uliye pale chini huwezi kusema "zima simu." Wakati mwingine hata hujui simu iko.

Sasa nikueleze kuhusu cuzo yangu. Amekubali niandike hii. Alisoma kabla sijaposti, akafuta sentensi mbili, na sharti lake ni nisitaje jina lake, stejini kwake wala barabara. Sawa.

Cuzo ni mtu wa boda. Mwaka juzi alifagiliwa na gari usiku kwa barabara moja kubwa ya Eastlands, mguu ukavunjika mara mbili. Ambulensi ya kampuni moja ikafika, wakamfunga mguu vizuri, wakamfikisha hospitali akiwa hai. Kwa hilo tunashukuru na tutashukuru milele. Ila njiani, mmoja wao alikuwa anarekodi.

Ile video haikuwa na uso wake. Yule jamaa aliuziba vizuri kabisa, na nadhani alijiona amefanya kitu cha heshima. Lakini sauti ilikuwa yake. Alikuwa analia akiita mamake, vile mtu yeyote mwenye mguu uliovunjika mara mbili angelia. Na reflekta yake ilikuwa na jina la stejini mgongoni, herufi kubwa za njano. Kuna kitu kingine kinaonekana pale ambacho sitakisema. Hiyo ni moja ya sentensi alizofuta.

Anti yangu aliona hiyo video kabla mtu yeyote hajampigia simu. Ilikuwa imewekwa kwa status na jirani, na maombi ya kulia chini yake. Akaisikiliza mara moja. Mama husikia mara moja tu. Alikimbia nje na leso kichwani na ndala za watu wawili tofauti, bila kujua ni hospitali gani, bila kujua kama huyo anayelia bado analia ama amenyamaza. Alizunguka hospitali tatu kabla ya kumpata.

Na haikuishia hapo. Kuna msee alichukua zile sekunde mbili za "mama nakufa" akazigeuza stika ya WhatsApp. Stika, maze. Mtu akipoteza mechi ya FIFA, anatumiwa hiyo. Mtu akikosa pesa ya mafuta, hiyo. Cuzo aliporudi stejini baada ya miezi minane, akiwa na chuma mguuni, vijana wa pale walimpokea kwa kuiga sauti yake. Hawakuwa na ubaya, alisema. Walikuwa wanacheka tu. Alivumilia wiki mbili akahama stejini.

Kitu kilichonimaliza kilikuja baadaye. Usiku mmoja kile kidonda kilishika usaha, joto likapanda, akaanza kutetemeka na kuongea vitu havieleweki. Anti akasema tuite ambulensi. Cuzo, na homa yote hiyo, akashika mlango: "Hapana. Si wale watu." Tukamkunja nyuma ya Probox ya jirani, mguu ukiwa umewekwa juu ya gunia la viazi. Alifika, akapona. Lakini fikiria angekuwa amevunjika shingo. Fikiria ni mapafu. Kuna watu wanafaa kubebwa na mtu aliyesomea kubeba, na wanaogopa kamera kuliko wanavyoogopa kufa.

Kwa hivyo mtu akiniambia "lakini nilificha uso", mimi huuliza: ulificha sauti? Viatu? Tatuu? Geti la nyuma yake? Ule mchoro wa matatu? Nairobi ni kubwa kwa ramani tu. Mtaani tunajuana kwa mwendo. Mtu anajua hiyo ni mabati ya nani, hiyo ni kona ya wapi, na saa ngapi jana ambulensi iliingia. Ukiposti usiku huo huo, hata kama umeonyesha glavu zako peke yake, na mtaa mzima uliona gari likiingia ploti fulani, umeshasema ni nani. Na ukiandika "huyu binti miaka 19, alikuwa ametumia dawa za kutoa mimba", hapo hata picha haihitajiki. Maneno yametosha kumharibia maisha.

Rafiki yangu wa EMT aliniambia kitu sikuwa nimefikiria. Kuna picha za kikazi. Wakikuta gari limekunjika, wanaweza kupiga picha ya gari, si ya mtu, ndio daktari hospitalini aone usukani ulivyosukumwa na ajue aangalie kifua ama tumbo. Hiyo ina maana. Inaonyeshwa daktari, inaingia kwa rekodi, imeisha. Shida ni kwamba mara nyingi inapigwa kwa simu yake binafsi, ile ile ya selfi na M-Pesa. Usiku simu inapakia picha zote kwa hifadhi ya mtandaoni yenyewe. Kesho yake mtoto wa dada anachezea simu. Wiki ijayo simu inaibwa kwa matatu. "Sijaposti mahali" si kusema iko salama.

Halafu kuna yale magrupu ya kazi. Hapa ndipo wengi hujidanganya, ati grupu ni ya wenyewe kwa wenyewe. Kama unafuata mpira wa kikapu hii unaijua nusu. Januari 26, 2020, helikopta ya Kobe Bryant ilianguka Calabasas, California, wakafa watu tisa, pamoja na bintiye Gianna wa miaka 13. Maafisa wa sherifu na wazima moto wa Kaunti ya Los Angeles waliofika pale walipiga picha za miili. Hawakuziposti. Walitumiana tu kwa simu. Afisa mmoja kijana akamwonyesha mhudumu wa baa. Wengine wakaonyeshana kwenye hafla ya tuzo, watu wamevaa suti, vinywaji mkononi. Mwili wa mtoto, umekuwa stori ya baa. Agosti 2022 jopo la raia mahakamani likaamua Vanessa Bryant na Chris Chester, mzee aliyepoteza mke na binti siku hiyo hiyo, walipwe dola milioni 31 kwa jumla. Mwaka uliofuata kesi ya Vanessa ikafungwa kwa makubaliano ya dola milioni 28.85. Na California ikatunga sheria, iliyoanza kufanya kazi Januari 2021, kwamba mhudumu wa dharura akimpiga picha marehemu kwa sababu isiyo ya kazi, hilo ni kosa la jinai.

Ona, hizo picha hazikuwahi kutrendi. Familia haikuziona mtandaoni hata siku moja. Vanessa alieleza mahakamani kwamba anaishi na hofu ya kuamka siku moja azikute. Ile hofu peke yake ilikuwa jeraha.

Utasema hiyo ni Marekani, pesa iko, mawakili wako. Haya, turudi nyumbani. Ibara ya 31 ya Katiba yetu inasema una haki ya faragha. Sheria ya Afya ya 2017 inasema habari za mgonjwa ni siri, na inataja wazi ni lini zinaweza kutolewa, mfano ukikubali kwa maandishi ama mahakama ikiamuru. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka habari za afya yako kwa kundi la data nyeti, kundi lenye ulinzi mkali zaidi, na faini ya Kamishna wa Data inaweza kufika shilingi milioni 5. Na si maneno ya karatasi tu. Septemba 2023, Kamishna alipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Mteja, wa klabu. Mtu aliyevaa akapendeza, akatoka kwao kwa hiari yake kwenda kuonekana. Kama huyo ana haki ya kusema "sikukubali", yule aliyelala kwa machela suruali imekatwa ana haki kiasi gani?

Na usiniletee ile ya "alikubali, nilimuuliza." Ulimuuliza saa ngapi? Akiwa na oksijeni usoni? Mtu anayekutegemea ufike naye hospitali hawezi kukukatalia kitu. Atasema ndiyo kwa chochote. Ruhusa ya kweli unaiomba akiwa amepona, amevaa nguo zake, amekaa kwa kiti chake, na anaweza kukufukuza.

Kuna kundi moja la wagonjwa linaniogopesha zaidi nikiona hizi video, na naandika hili nikijua kuna mtu anasoma hii leo akiwa hayuko sawa. Kwa miaka mingi Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kujaribu kujiua ni kosa. Ulikuwa ukiokolewa, kisha unashtakiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ilichukua mapambano marefu ya watu wa afya ya akili kufika hapo. Sasa piga picha: sheria imeacha kumwita huyo mtu mhalifu, anapiga simu ama rafiki anampigia, watu wanafika, halafu kesho darasa lake lote limeona mlango wa chumba chake cha hosteli umefunguliwa kwa video yenye wimbo wa huzuni na maneno "vijana, ongeeni na watu." Ataongea na nani tena? Aliongea, mkamrekodi.

Najua kuna mwenye swali hapa, na ni swali zuri. Si sisi wenyewe tulirekodi kila kitu Juni 2024? Si zile video ndizo ushahidi? Ni kweli, na ningerekodi tena. Raia akimrekodi mwenye bunduki na mamlaka, huyo anamulika juu. Mwenye sare ya uokoaji akimrekodi mgonjwa wake, anamulika chini, kwa mtu asiye na nguvu hata ya kugeuza kichwa. Na kumbuka wakati huo huo kulikuwa na watu waliokuwa wanasakwa manyumbani. Picha ya kijana mwenye kidonda cha risasi, imepostiwa kwa nia njema ya kuonyesha vile tunateseka, ingeweza kumwonyesha mtu mbaya ni nani na amelazwa wapi. Wahudumu wengi wa kujitolea siku zile walielewa hilo bila kufunzwa. Walifunga vidonda, hawakufunga safari ya kutafuta laiki.

Na sisi raia tusijifanye malaika. Januari 2019 baada ya shambulizi la DusitD2 tuliwavaa New York Times mpaka wakatetemeka, kwa kuchapisha picha ya waliouawa wakiwa wamelala kwenye meza za mkahawa. Tulikuwa sahihi kabisa. Wiki hiyo hiyo picha mbaya kuliko hiyo zilikuwa zinazunguka kwa magrupu yetu ya familia, na waliozituma ni anko na anti zetu, na "Mungu tuhurumie" chini yake.

Kwa ajali kuna kitu nimekiona mara nyingi. Umati unazingira, simu ziko juu kama tamasha, halafu mama mmoja, mara nyingi ni mama wa mboga ama wa chai, anavua leso yake anamfunika mtu aliyelala. Hajui jina lake. Hajasomea chochote. Rafiki yangu anasema kwao kazini wanafunzwa hivyo hivyo: ukishahakikisha mahali ni salama na mgonjwa anapumua, mzibe watu wasimwone, hata kwa shuka, hata kwa kuwapanga wapita njia wasimame na migongo ikiwa kwake. Anasema mgonjwa hutulia akifunikwa. Mapigo ya moyo yanashuka, unayaona kwa mashine.

Si kwamba nasema EMT wakae kimya mtandaoni. Hapana, hapana. Nataka muwe wengi zaidi. Hii nchi haijui vitu vya msingi kabisa. Watu bado wanamvuta majeruhi kwa mikono na miguu kama gunia na kumtupa kwa pikapu. Dereva wanasikia king'ora wanafuata ambulensi nyuma ndio wakwepe jam. Mtu akipiga 999, 112 ama 1199 ya Msalaba Mwekundu anapiga mayowe "kujeni haraka" halafu anakata, bila kusema yuko wapi. Tufunzeni. Tuonyesheni mkoba wenu una nini ndani. Tumieni lile sanamu la mazoezi kuonyesha kubonyeza kifua. Tuambieni vile mwili huumia mkikosa kulala, na vile mnajisikia mkirudi nyumbani baada ya kumpoteza mtoto. Hiyo ya mwisho ni yenu, ni maumivu yenu, mna haki nayo. Unaweza kusema "leo nilikuwa na siku mbaya sana, nimelia kwa gari" bila kusema ploti, umri, wala ugonjwa. Mtu atakuelewa. Na kama ni mzigo mzito, mwambie mwenzako uso kwa uso, si grupu ya watu 256.

Na wakubwa wa hizo kampuni, wale wanaosukuma vijana wao wapate "video za kazini" za kutangaza biashara: vijana wenu wananiandikia inbox. Wanajua si sawa. Wanaogopa kuwaambia. Andikeni sera ya simu kazini, karatasi moja tu inatosha, na muisome kwa sauti siku ya kwanza.

Kama ni wewe umepostiwa, ama ni mtu wako, fanya hivi kabla hasira haijakumaliza: chukua skrinishoti na linki, andika tarehe, omba kwa maandishi waitoe, ripoti kwa mtandao wenyewe, kisha peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, fomu iko kwa tovuti yao. Usiisambaze ukisema "ona walivyotufanyia." Cuzo aliniambia hiyo ndiyo ilimuuma zaidi, kuiona tena kutoka kwa watu waliokuwa wanamtetea.

Yule rafiki yangu EMT wiki jana alitoa video yake ya kwanza. Iko jikoni kwake, ameshika leso na chupa ya ketchapu, anaonyesha vile unazuia damu: bonyeza kwa nguvu, usifunue kuchungulia, ikilowa ongeza kitambaa kingine juu, endelea kubonyeza mpaka msaada ufike. Mgonjwa wake ni mto wa kochi. Nilipoangalia asubuhi ilikuwa na watazamaji 340, na kumi kati ya hao ni mimi. Nimeibandika juu kabisa kwa ukurasa wangu, nendeni muitazame.